MHOLANZI ALIYEKIMBIZANA NA BARIDI

 

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kilipotutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kutangulia mbele ya haki, wenzangu wengi wa Kidato cha Tatu walikimbilia majina ya hapa hapa kwetu. Kuna aliyemchukua Mekatilili wa Menza, kuna aliyemchukua Ronald Ngala, na kuna aliyemng'ang'ania Fumo Liyongo hata akakataa kata kata kumwachia mwingine. Hao wote ni wetu na wanastahili. Mimi nimeamua kuvuka bahari. Nimemchagua Heike Kamerlingh Onnes, profesa wa Uholanzi, mtu aliyefika penye baridi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia kabla yake. Hebu usigeuze ukurasa bado.

Sababu yangu ni hii. Baba yangu ni fundi wa friji, na hapa Malindi baridi ni mali. Mvuvi akirudi na changu au kolekole, barafu ndiyo inayoamua kama atauza kwa bei yake mwenyewe au kwa bei ya mchuuzi. Stima zikipotea usiku, si giza linalowanyima usingizi wenye friji za samaki. Tangu nikiwa mdogo nimembebea baba sanduku la spana, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba baridi haitengenezwi. Hakuna kitu kiitwacho baridi kinachotiwa ndani ya friji. Kinachofanyika ni joto kutolewa ndani na kumwagwa nje, ndiyo maana mgongo wa friji huwa na moto ukiugusa. Nilipokuja kusoma habari za huyu Mholanzi niliona kama nasoma habari za fundi mwenzake baba, ila friji ya huyu ilijaza vyumba, na ilimchukua zaidi ya miaka 25 kuifikisha alikotaka.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 katika mji wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha matofali. Mwaka 1870 akaingia chuo kikuu cha mji huo huo wa kwao, na mwaka uliofuata akaenda Heidelberg, Ujerumani, akakaa chini ya walimu wawili ambao sisi wanafunzi wa sayansi tunawajua kwa majina hata kama hatujui sura zao. Mmoja ni Bunsen, yule ambaye jina lake linatajwa kila siku tunapowasha moto katika maabara. Wa pili ni Kirchhoff, mwenye sheria za mikondo ya umeme. Kisha alirudi kwao, na mwaka 1879 akapata shahada ya udaktari kwa kuonyesha njia mpya za kuthibitisha, kwa pendulamu inayoning'inia, kwamba dunia inazunguka.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29, alifanywa profesa wa fizikia katika chuo cha Leiden. Zamani hizo profesa alikuwa mtu wa meza moja, vyombo vichache na daftari. Onnes alikuja na fikira nyingine kabisa. Yeye alitaka maabara iwe kama karakana kubwa, yenye pampu, kompresa, mitungi ya gesi, mafundi wa chuma na mafundi wa kupuliza vioo. Alikuwa amevutwa na hesabu za Mholanzi mwenzake, van der Waals, zilizosema kwamba gesi zote hufuata kanuni moja ukizipima kwa namna inayofaa. Ili kujua kama kanuni hiyo ni ya kweli ilibidi gesi zipimwe katika baridi kali sana. Na kupima ndiko kulikokuwa dini yake ya kazi. Aliamini kwamba anayetaka kujua sharti apime kwanza, na apime vizuri, tena arudie.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ninapompendea. Onnes aliona kwamba profesa peke yake hafiki popote bila fundi. Basi mwaka 1901 akaanzisha shule ya kuwafundisha vijana kutengeneza vyombo vya sayansi. Vijana hao walivaa makoti ya buluu, na mjini wakajulikana kama vijana wa buluu. Walifanya kazi katika maabara huku wakisomeshwa kufua vyuma, kupuliza vioo na kuunda vyombo vya umeme. Shule ile ingalipo mpaka leo. Kwetu sisi mtoto akishindwa darasani ndipo anaambiwa akajifunze ufundi, utadhani ufundi ni adhabu. Leiden walikuwa wakichagua vijana wenye akili ya mikono, na bila mikono ile hakuna ambacho profesa angekigundua. Mkuu wa mafundi wa baridi aliitwa Gerrit Jan Flim, na fundi mkuu wa vioo aliitwa Oskar Kesselring. Majina haya mawili yashike, tutayarudia.

Kazi yenyewe ilienda kwa ngazi. Huwezi kuruka kutoka joto la chumbani mpaka baridi ya mwisho kwa hatua moja. Alichukua gesi moja iliyo rahisi kugeuzwa kiowevu, akaitumia kupoza ya pili, ya pili ikapoza ya tatu. Kwa njia hiyo kufikia mwaka 1894 alikuwa na mtambo wa kutoa oksijeni ya kiowevu, iliyo na baridi ya digrii 183 chini ya sifuri. Friji ya baba nayo hugandamiza gesi, ikaipoza, kisha ikaiacha itanuke, na katika kutanuka gesi hunyonya joto. Tofauti ni kwamba Onnes alizifunga friji kadhaa, moja mgongoni mwa nyingine.

Mara mwaka 1895 kazi ikasimamishwa! Si kwa kukosa fedha wala akili. Watu wa mji waliogopa. Maabara ile ilikuwa imejengwa mahali ambapo tarehe 12 Januari 1807 merikebu iliyosheheni baruti ililipuka katikati ya mji, ikaua watu wapatao 150 na kubomoa nyumba kwa mamia. Waliposikia kwamba papo hapo pana mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, walipiga kelele mpaka serikali ikaunda tume. Onnes akakaa takriban miaka mitatu bila ruhusa ya kuendesha mitambo yake, mpaka mwaka 1898. Wengine wanasema watu wale walikuwa wajinga. Mimi sisemi hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mtungi wa gesi si kitu cha kuchezea, muulize fundi yeyote.

Wakati yeye amefungwa mikono, mshindani wake alikuwa anakimbia. Huyo ni James Dewar, Mskoti aliyefanya kazi London. Usiseme humjui. Chupa ya chai unayoitumia nyumbani, ile yenye kuta mbili na utupu katikati, asili yake ni chombo alichokibuni Dewar mwaka 1892 ili viowevu vyake baridi visipate joto. Mwaka 1898 Dewar aligeuza hidrojeni kuwa kiowevu. Onnes alifika hapo mwaka 1906, miaka minane baadaye. Kwa hiyo mashindano yakabakia gesi moja tu iliyokuwa haijashindwa na mtu, nayo ni heliamu. Dewar alikuwa ameshagombana na Ramsay, mtu aliyekuwa na heliamu pale London, akakosa mali ghafi. Onnes kwa upande wake alikuwa na ndugu aitwaye Onno aliyehusika na mambo ya biashara ya nje huko Amsterdam, na kupitia kwake akapata mchanga wa monazaiti kutoka North Carolina, Marekani. Mchanga ule ukipashwa moto hutoa heliamu kidogo kidogo. Watu wake wakakaa wakiukamua na kuisafisha ile gesi mpaka ikatosha.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 10 Julai 1908. Walianza saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mpaka saa saba na nusu mchana walikuwa wametoa lita 20 za hidrojeni ya kiowevu, na hiyo ilikuwa matayarisho tu. Inasimuliwa kwamba mke wake, Maria, alikuja na chakula akakuta mume hawezi kuiacha mitambo hata dakika moja, ikabidi amlishe vipande vya mkate huku mikono yake iko kazini. Jioni ikaingia. Hidrojeni inakwisha, na ndani ya kioo hakuna kinachoonekana. Kipimo cha baridi kiligoma kushuka zaidi. Ndipo profesa mwenzake wa kemia, Schreinemakers, aliyekuja kutazama tu, akasema huenda kipimo kimetulia kwa sababu tayari kimezama ndani ya kiowevu. Wakamulika kwa taa kutoka chini. Lo! Kiowevu kilikuwepo, kisicho na rangi, chepesi mno, uso wake ukionekana kwa shida. Kilikuwa sentimita za ujazo 60 tu, hata kikombe cha kahawa hakijai sana. Baridi yake ilikuwa digrii 269 chini ya sifuri. Baridi ya mwisho kabisa, ambayo chini yake hakuna kwingine, ni digrii 273 na kidogo. Kwa miaka 15 iliyofuata hapakuwa na maabara nyingine duniani iliyoweza kufanya vile.

Sasa alikuwa na baridi, akaanza kuitumia. Wakuu wa sayansi walikuwa wakibishana: waya ukipozwa sana, ukinzani wake kwa umeme huwaje? Kelvin wa Uingereza alidhani kwamba chembe za umeme zitaganda na umeme utakataa kupita kabisa. Wengine walidhani ukinzani utapungua polepole. Onnes akaona ubishi haufai, tupime. Alichagua zebaki, kwa kuwa zebaki inaweza kusafishwa mara nyingi mpaka isiwe na taka yoyote. Tarehe 8 Aprili 1911 zebaki ilijazwa katika mirija myembamba ya kioo na kuzamishwa katika heliamu. Onnes na Flim walishughulika na baridi. Mwanafizikia kijana, Gilles Holst, pamoja na msaidizi Cornelis Dorsman, walikaa katika chumba cha giza umbali wa mita 50, wasitikiswe na pampu, wakisoma kipimo cha umeme. Baridi ilipozidi, ukinzani wa zebaki haukupungua polepole. Uliporomoka, ukawa kana kwamba haupo. Walirudia majaribio miezi iliyofuata na jibu likawa lile lile. Kwenye digrii 269 chini ya sifuri ukinzani huanguka ghafla.

Jambo hili ndilo lililomfanya mwenzangu anayeandika juu ya Mekatilili anitanie darasani. Yeye anaandika juu ya mama aliyewafundisha Wagiriama kukinza, nami naandika juu ya mzee aliyetafuta mahali ambapo ukinzani unakwisha. Na kweli miaka yao inagusana. Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa na Waingereza akapelekwa Kisii. Desemba mwaka huo huo Onnes akapokea Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Lakini nina neno hapa, na walimu wanisamehe. Makala yaliyotangaza ugunduzi ule yalikuwa na jina moja tu la mwandishi, nalo ni la Onnes. Holst, aliyesoma kipimo kwa macho yake, na Flim, ambaye bila mtambo wake pasingekuwa na heliamu, walishukuriwa tu. Watetezi wanasema ndiyo iliyokuwa desturi ya maprofesa wa enzi zile. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba Onnes alikuwa mwema kwa wafanyakazi wake. Mimi bado naona haki haikutendeka. Nimemwona baba akitengeneza chumba cha barafu usiku kucha, asubuhi sifa zikamwendea mwenye chumba. Holst hata hivyo hakupotea. Mwaka 1914 alikwenda kwa Philips huko Eindhoven, watengenezaji wa taa, akawa mkuu wa maabara yao.

Katika mwaka wa tuzo Onnes alikuwa na ndoto kubwa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamegundua kwamba bati na risasi nazo hupoteza ukinzani zikiwa katika baridi ya heliamu. Basi, akafikiri, tukisokota waya wa risasi na kupitisha umeme mwingi, tutapata sumaku yenye nguvu isiyopata kuonekana, na haitapata moto kwa kuwa hakuna ukinzani. Alikusudia kufika gausi 100,000. Walipojaribu, ndoto ilikatika. Uga sumaku ulipofika gausi mia tano na ushei tu, risasi ikarudi kuwa waya wa kawaida, ukinzani wake umerejea. Sumaku yenyewe ndiyo iliyoua ile hali. Hili litunze kichwani, maana ugomvi kati ya sumaku na vipitishi hivi ndio utakaoturudisha nyumbani baadaye.

Mwaka 1914, mwaka ambao mnamo Agosti Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti na Ulaya nayo ikaingia vitani, Onnes alifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Alichukua mzingo wa waya wa risasi, akaupoza, akaanzisha mkondo wa umeme ndani yake kisha akaondoa betri. Mkondo ukaendelea kuzunguka wenyewe. Saa zikapita, na sindano ya dira iliyowekwa kando ya chombo ikabaki imeelekea pale pale, ishara kwamba umeme ungali unazunguka bila kusukumwa na kitu. Rafiki yake, mwanafizikia Ehrenfest, alipoona alishangaa kama mtoto.

Wakati wa vita na baada yake aliwasaidia watoto waliokuwa wakifa njaa katika nchi zilizokosa chakula, na akajitahidi kuwapatanisha wanasayansi ambao nchi zao zilipigana. Afya yake haikuwa nzuri miaka mingi. Alistaafu, akafariki Leiden tarehe 21 Februari 1926, akiwa na umri wa miaka 72. Jambo moja alilolitafuta hakulipata, yaani kuigandisha heliamu iwe yabisi. Mwanafunzi wake Keesom aliliweza mwaka huo huo, miezi michache baada ya mazishi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kushika kalamu. Mara nyingi husemwa, hata katika mijadala yetu ya sayansi, kwamba siku waya za Onnes zikienea duniani umeme hautapotea tena njiani. Ati waya usio na ukinzani haupotezi kitu. Nilifurahi nilipolisikia, kwa maana nchi yetu inapoteza mwingi. Katika mwaka wa fedha wa 2022/2023 zaidi ya asilimia 20 ya umeme uliotumwa nchini Kenya haukumfikia mteja wa kuulipia. Sehemu yake iliibwa, sehemu yake iligeuka joto katika waya na transfoma.

Lakini kauli ile ni kweli nusu. Mzingo wa Onnes ulikuwa na mkondo nyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja bila kubadilika. Stima ya nyumbani kwetu ni mkondo geu. Huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, maana yake hugeuka mara 100 kila sekunde. Na kila mkondo unapogeuka, uga sumaku unaouzunguka waya nao hukua, hufa, hugeuka, hukua tena. Hapo ndipo hasara inapozaliwa.

Niruhusu nieleze. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, huko Zürich, Uswisi, walipata kipitishi cha aina mpya kilichotengenezwa kwa oksidi ya shaba, na mwaka 1987 ikapatikana aina inayofanya kazi katika nitrojeni ya kiowevu, digrii 196 chini ya sifuri. Nitrojeni hutoka katika hewa hii tunayoipumua, kwa hiyo ni rahisi kuliko heliamu. Kipitishi chenyewe ni kama kigae, huvunjika ukikikunja, basi wakakipaka juu ya utepe mwembamba wa chuma. Utepe mmoja waweza kuwa na upana wa milimita 4, na tabaka la kipitishi juu yake ni jembamba kuliko unywele. Ndani yake mna madini adimu kama itiriamu. Kilima cha Mrima, huko Kwale, kina madini adimu, lakini hayo tuyaache.

Katika utepe huo sumaku haizuiwi mlangoni kama katika risasi ya Onnes. Huingia ndani kama nyuzi nyembamba sana, na watengenezaji huweka kwa makusudi kasoro ndogo ndogo za kuzishika nyuzi hizo zisitembee. Zikishikwa vizuri, utepe hubeba umeme mwingi mno bila hasara, alimradi ni mkondo nyoofu. Mfikirie nahodha aliyetia nanga. Nanga iliyozama sana kwenye tope ni salama yake, analala. Lakini mwambie aing'oe na kuitia upande wa pili mara 100 kwa sekunde, uone jasho! Mkondo geu ndivyo unavyozifanya nyuzi za sumaku. Huzing'oa na kuzivuta huku na huko, na kazi ya kuzing'oa hugeuka joto. Juu ya hayo, chuma kinachobeba utepe kina ukinzani wake wa kawaida, na sumaku inayogeukageuka huzusha humo mikondo midogo ya mzunguko inayotoa joto jingine.

Mtafiti W. T. Norris alitoa hesabu za hasara hiyo mwaka 1970. Kwa utepe mwembamba, mkondo ukiwa bado mdogo kuliko uwezo wa utepe, ukiuzidisha mara mbili hasara huongezeka kama mara 16. Katika waya wa shaba ingeongezeka mara 4 tu. Na joto lenyewe limezaliwa mahali pabaya, ndani ya baridi, ambako kila kidogo sharti kitolewe kwa mashine. Wati 1 ya joto ikitokea kwenye nitrojeni, mashine iliyo kamilifu kabisa ingekula karibu wati 3 kuitoa, na mashine tulizo nazo duniani hula 10 mpaka 20. Baba nilipomweleza hili alielewa upesi kuliko mimi. Friji isiyofungwa vizuri, akasema, inakula stima kulilipia joto lililoingia kwa uzembe.

Dawa zipo. Moja ni kuupasua utepe uwe nyuzi nyembamba, sumaku isipate uwanja mpana. Lakini nyuzi zikilala sambamba tu, umeme huzunguka kati yake kana kwamba hazikupasuliwa. Lazima zipishane, ya nje ije ndani na ya ndani itoke nje. Mjerumani Ludwig Roebel alibuni mpishano wa namna hiyo mwaka 1912 kwa ajili ya vipande vya shaba vya jenereta, na watu wa tepe wakauiga. Mchoro wake nilipouona nilicheka peke yangu, kwa sababu nyanya yangu husuka ukili kila jioni na kila muwaa huvuka upande wa pili kwa zamu yake.

Mwaka 2014 mjini Essen, Ujerumani, kebo ya tepe za kipitishi cha oksidi ya shaba yenye urefu wa kilomita 1 na volti 10,000 iliingizwa kazini chini ya barabara, ikapeleka mkondo geu mjini. Kwa hiyo inawezekana. Ila kilomita moja si Kilifi. Laini kubwa ya volti 220,000 inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen mpaka Lamu, ina zaidi ya kilomita 300, na ni mkondo geu. Mtu akiniuliza kama tuibadilishe iwe tepe nitamwambia hapana, gharama ya kuipoza kwa jua hili la kwetu itakula faida yote. Umeme unaotoka Ethiopia kuja Suswa tangu mwaka 2022 unakuja kwa mkondo nyoofu wa volti 500,000 juu ya waya za kawaida, na hapo ndipo ningeanzia kutazama. Tepe ningeziweka mahali pafupi penye msongamano, kwa mfano katikati ya Mombasa, pasipo na nafasi ya kuchimba mtaro mpana.

Nimeliacha la mazishi ya Onnes mpaka hapa kwa makusudi. Inasimuliwa kwamba ibada ilirefuka kupita kiasi, na gari la farasi lililobeba jeneza lilitakiwa kufika makaburini nje ya mji kwa saa maalumu. Nyuma ya gari walitembea Flim na Kesselring, wamevaa nguo nyeusi na kofia ndefu. Gari likaongeza mwendo ili kufidia muda, nao wakalazimika kutembea kwa haraka, kisha kukimbia. Walipofika, pumzi zimewaishia, Flim alisema kwamba mzee hajabadilika, hata leo anawakimbiza. Miaka 6 baadaye, mwaka 1932, Flim huyo huyo alipanda ndege kutoka Uholanzi kwenda London akiwa na chupa ya Dewar yenye heliamu, na ndani yake pete ya risasi. Umeme ulianzishwa Leiden, na mbele ya wakubwa wa sayansi wa Uingereza ulikuwa ungali unazunguka.